Jenereta Ilikuwa Nzima

Ijumaa, tarehe 10

Dizeli nusu tangi. Jenereta nzima. Kunguru wamejenga tena kwenye ngazi ya juu. Nimewaacha, wana makinda. Daftari la kampuni nimeshalijaza, sasa najaza hili langu. Mize, mke wangu, hunicheka: mtu mzima na madaftari mawili, moja la mashine, moja la roho. Na acheke. Miaka kumi na miwili nalinda mnara huu wa simu, kilimani nyuma ya mashamba ya mihogo hapa Kengeja, na sijapata kulala bila kuandika.

Mama leo kanywa uji vijiko sita. Alipomaliza akanishika mkono. "Mwanangu, nkifa anioshe Raya. Sitaki mtu mwengine." Nikamwambia asiseme maneno hayo. Akayasema tena, mara hii kwa ukali.

Raya ni dada yangu, kitinda mimba wetu. Kaolewa Gombani, kule mjini Chake, anashona nguo. Jioni kanipigia, anataka kuja. Nimemkataza. Wiki ya kura hii, njiani vizuizi, magari ya abiria hayana uhakika, na ana nguo za watu hajazimaliza. Nikamwambia hali ya mama ikizidi nitampigia, atafika kwa wakati. Akauliza kweli? Nikacheka. Mwenye mnara ni mimi, nani akose simu nikose mimi?

Jumapili, tarehe 12

Siku mbaya.

Tangu alfajiri sauti ilikuwa inazunguka kwenye simu. Mtu analia kwamba askari wameingia msikitini Chokocho na viatu vyao. Niliisikiliza mara mbili. Damu ikachemka. Nikairusha kundi la ukoo, nikairusha na kundi la msikiti. Adhuhuri watu walikuwa wameshaangusha minazi wakailaza barabarani. Lori lililokuwa linapita likavunjwa vioo. Dereva kashonwa nyuzi kichwani.

Alasiri akaja Shaame, binamu yangu. Alikuwa Chokocho asubuhi nzima. Msikiti shwari. Hakuna askari aliyeingia, mwenye viatu wala asiye navyo.

Uongo mtupu, na mimi nimeurusha. Nimeufuta, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Naona haya hata kumwambia Mize.

Jumatatu, tarehe 13

Saa nne kaja Afande wa kituo na askari wawili. Kijana, mtu wa bara, ana adabu zake. Shikamoo Mzee Kombo, mgonjwa anaendeleaje. Kisha: zima mnara. Mpaka lini? Mpaka utakapoambiwa. Nikaomba karatasi. Hakuna karatasi, amri imetoka juu.

Nikampigia msimamizi wangu wa kampuni aliyeko Chake. Kasema fanya wanavyotaka. Nikamwomba basi yeye aniandikie, japo ujumbe wa maneno matatu. Kasema simu yake inaisha chaji.

Siwezi kusema polisi hawana sababu. Sababu wanayo. Ipo kichwani mwa yule dereva, imeshonwa, na mimi ni mmoja wa walioitengeneza. Karatasi ndiyo hawana. Jirani akija kuniazima panga nitamuuliza la nini na litarudi lini, na hatakasirika. Hawa wamechukua simu za vijiji vyote vya huku kwetu, za wakosa na wasiokosa, na kuuliza tu nimeonekana mkaidi.

Nilizima saa tano na robo. Kwa mkono wangu. Katika daftari la kampuni nikaandika: Jenereta nzima. Mnara umezimwa kwa amri ya mdomo. Nikampa Afande kalamu atie sahihi. Akayasoma maneno, akanirudishia kalamu.

Nimefika nyumbani ndipo nilipokumbuka. Nilimpigia msimamizi. Raya sikumpigia.

Jumanne, tarehe 14

Jenereta nzima. Mnara umezimwa.

Watu wanakuja mpaka kwenye uzio, wananyoosha simu juu, wanaondoka. Mmoja kaniuliza nimeuficha mtandao ndani mwangu? Alikuwa anatania, lakini si sana.

Mama hamezi tena. Maji tunamdondoshea kwa pamba. Muuguzi wa kituo cha afya kaja, kamshika mshipa, katuambia tukae naye karibu. Nimeyaelewa maneno hayo.

Nimemtuma Shaame Gombani na pikipiki akamlete Raya. Kafika kizuizi cha kwanza, karudishwa. Pikipiki haziruhusiwi njiani baada ya alasiri. Atajaribu kesho mapema.

Mama kafumbua macho saa kumi na moja, kauliza Raya kaja? Nikasema yuko njiani. Nimemwambia mama yangu uongo, na anajua mimi nikisema uongo hukohoa. Nilikohoa.

Jumatano, tarehe 15

Mama amefariki saa moja na nusu asubuhi. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Kaondoka taratibu, mkono wake ndani ya mkono wa Mize.

Shaame karudishwa tena. Leo wanapitisha wagonjwa peke yao. Kawaambia anapeleka habari ya msiba. Wakamjibu maiti si mgonjwa.

Zamani kila kijiji kilikuwa na mtu wa habari. Akifa mtu, yeye huondoka kwa miguu, anajua njia za mashambani, jua halijapanda wamejua mpaka wa mbali. Wa kwetu alikufa, hakuna aliyeshika nafasi yake. Ya nini, na simu zipo? Hata matangazo ya vifo redioni siku hizi tunayapeleka kwa simu. Tumeiweka shingo yetu yote kwenye kamba moja, na kamba hiyo mimi ndiye ninayeishika.

Nimekwenda kituoni. Afande ana redio ya mkononi, niliisikia ikizungumza na Chake palepale mbele yangu. Nikamwomba amtume mtu yeyote wa huko amwambie Raya mama kafariki, aje. Nyumba nimemwelekeza, nyuma ya uwanja wa mpira, mlango wa kijani. Kayaandika. Kasema, "Nitajaribu, Mzee. Pole sana."

Shehe, imamu wetu, kasema maiti hacheleweshwi, lakini kwa haja kama hii tungoje mpaka alasiri, zaidi ya hapo hapana. Wanawake wakakaa na sanda, na kafuri, na maji. Hawakumwosha. Walikuwa wanamngoja Raya. Kila nikipita ukumbini Mize ananiangalia.

Saa saba nilipanda mnarani na ufunguo. Nikafungua kisanduku. Nikaishika swichi. Dakika moja ingetosha. Lakini nikiwasha, simu zote za Kengeja zinalia pamoja, na ya kwanza kulia ni ya kituoni. Nikaona mahabusu. Nikaona kazi imekwenda. Nikajiambia, Afande kaahidi redio, Raya yuko njiani, sasa hivi atatokea. Nikafunga kisanduku nikashuka.

Niliogopa. Naliandika hapa maana pengine sitaweza kulisema.

Saa tisa Mize akamwosha. Mkwe mwema, hajamkosea mama hata siku moja. Lakini si Raya. Baada ya sala ya alasiri tukazika.

Afande alikuja makaburini. Kasimama mbali, kofia mkononi. Watu walipotawanyika kanisogelea. Alipeleka habari, kajibiwa redio ni ya mambo ya usalama tu. Alijua tangu saa tano. Kaona uzito kuja kuniambia. Nilikuwa nataka kumchukia na hata hilo sikuliweza vizuri.

Daftari la kampuni nimelijaza magharibi.

Alhamisi, tarehe 16

Jenereta nzima. Mnara umezimwa.

Watu wengi msibani. Hakuna aliyeniuliza Raya yuko wapi. Wote wanajua nani ana ufunguo.

Ijumaa, tarehe 17

Baada ya sala Afande kaja. Washa. Bila karatasi vilevile.

Nimewasha saa nane na dakika kumi. Na hapa sijui nijieleze vipi. Miaka kumi na miwili nimefundishwa: ukiwasha, kwanza daftari. Saa, dizeli, joto la mashine. Mkono ukafuata mazoea. Nikaandika. Huku chini nasikia simu zinalia kila nyumba, nami naandika. Labda dakika tano. Labda nilikuwa najichelewesha. Kisha nikampigia Raya.

Alikuwa ameshajua. Jirani alituma kwenye kundi la ukoo, jamaa yetu aliyeko Maskati akaandika poleni na msiba wa Bi Time, Mungu amlaze pema. Raya kaisoma hiyo, kwenye cherehani. Habari ya mama yake imekwenda Maskati ikarudi Gombani kabla ya kaka yake kuweka kalamu chini.

Alilia kwenye simu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumapili, tarehe 19

Raya kafika jana, vizuizi vimeondolewa. Leo tumesoma hitima. Tangu alipofika ana kanga ya mama mabegani, haitoi.

Baada ya watu kula na kuondoka kaja kukaa nami barazani. Kisha akaniuliza.

"Kaka, ungaliweza kuiwasha?"

"Ningaliweza."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichotaka kununua. Akaingia ndani.

Alasiri Afande. Safari hii karatasi imekuja. Imechapwa, ina muhuri. Inasema kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa mnara ulizimika kutokana na hitilafu ya jenereta. Chini pana nukta za sahihi na jina langu. Nilicheka, nikashindwa kujizuia. Nimeomba karatasi wiki nzima, nimeletewa hii.

Nikamwambia jenereta ilikuwa nzima. Kasema, mzee, kampuni imeshakubali, imebaki sahihi yako tu. Nikamwambia yule dereva aliyepasuliwa kichwa ana haki ya kulindwa, wala sibishani na hilo. Waandike basi kwamba walizima, kwa ajili yake, tangu lini mpaka lini, na nani kaamua. Mtu aliyekosa habari ya mama yake ajue pa kwenda kuuliza. Wakiandika jenereta, aende akamuulize nani, fundi?

Kasema nifikirie mpaka kesho saa nne. Nisipotia sahihi, mtu wa kampuni atakuja kuchukua ufunguo na daftari.

Hofu imenijia ileile ya Jumatano. Haikupungua hata chembe. Ila Jumatano niliitii, na nimeona nilichokipata.

Jumatatu, tarehe 20

Sikutia sahihi. Karatasi nimeiacha mezani kwa Afande, nukta zake tupu.

Kabla ya saa nne nilipanda mnarani kufagia na kulifuta vumbi daftari, nisiwakabidhi kitu kichafu. Raya akanifuata. Hajapata kufika pale hata siku moja, akidai mnara unamtia kizunguzungu. Akaniomba nimsomee Jumatano.

Nikamsomea kama nilivyoandika magharibi ile. Jenereta nzima. Dizeli robo na kidogo. Mnara umezimwa kwa amri ya mdomo, siku ya tatu. Saa moja na nusu asubuhi Bi Time amefariki. Tumemngoja bintiye hadi alasiri. Hakupata habari.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akalichukua daftari akaliweka magotini. Pembeni ya mstari ule pana nafasi ya sahihi, kama ile Afande aliyoiacha tupu Jumatatu ya kwanza. Akaomba kalamu. Mwandiko wa Raya ni mzuri kuliko wangu, wa polepole, herufi moja moja. Aliandika: Nilikuwa Gombani, nangoja simu. Akaandika na jina lake kamili.

Mtu wa kampuni kafika saa nne na nusu. Kahesabu funguo, kalichukua daftari, kaliweka chini ya kwapa bila kulifungua. Kauliza hali ya mashine. Nimemwambia nzima.

Tukarudi nyumbani kwa njia ya mihogoni, Raya mbele. Mize kapika muhogo wa nazi. Tumekula sote watatu.