Rimu Ulizozipasua Wewe, Aabo

Mpendwa aabo,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu wewe ni baba yangu, lakini ujue nina hasira. Hasira hii ina wiki moja, na wewe una miezi saba chini ya mchanga wa Garissa, kwa hiyo kwa mara ya kwanza huwezi kunikata kauli. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kisomali ulikiweka kwa ajili ya dua na salamu za nyumbani. Ulipotaka kunifokea kwenye kibanda chetu cha kutengeneza baiskeli ulihamia Kiswahili, ili hata mwalimu wa kutoka Kitui aliyekuja kujaza upepo aelewe kwamba mwanao si fundi wa chochote.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Tuliipindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani, ukalizungusha gurudumu la nyuma, ukasogeza chaki karibu na rimu. Chaki ilipoacha alama, hapo ndipo rimu ilipoegemea. Mafundi wengine wa soko walikomea kwenye chaki. Wewe uliinama ukaanza kuzigonga spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine, huku umefumba macho. Iliyolegea ilitoa mlio mzito, kama mtu anayeguna. Iliyokaza vizuri ililia safi. Iliyokaza mno ililia kwa ukali wa kutia ganzi meno.

"Gurudumu ikiyumba usiogobe," uliniambia, kwa Kiswahili chako kisicho na p. "Hiyo inasema shida yake. Ogoba ile imenyooka sana na sboku inalia kali. Hiyo rimu itabasuka kwa tundu, na mtu yuko juu."

Ndiyo maana mji mzima ulikuita Dhego, Masikio, na wewe ukalipenda jina hilo kuliko lile ulilopewa na babu.

Halafu rimu zikaanza kurudi. Baiskeli iliondoka kwetu gurudumu limenyooka kama mstari wa daftari, na baada ya wiki chache mwenyewe aliirudisha, rimu ina nyufa nyembamba kama unywele, zote zikianzia kwenye matundu ya spoku. Nilikuonyesha. Nilikuambia, aabo, hizi zimekazwa kupita kiasi, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Hukuangalia hata mara mbili.

"Mkono yako ni ya kubiga fisi mawe!" ulisema, na wateja wakacheka.

Lakini si mimi niliyezikaza! Niliacha gurudumu likilia safi, nikaenda kuswali alasiri, nikarudi nikakukuta umelipakata na spana ndogo mkononi, unaongeza nusu mzunguko hapa, robo pale. "Umeacha bila nguvu," ulisema. Nikisema inatosha, uliongeza tena, nikiwa nakutazama. Tulibishana kila siku ya Mungu. Mama alituambia tutakufa tukibishana, na mmoja wetu amefanya hivyo.

Sasa nikukumbushe siku ya Adeer Gedi, ami yangu wa heshima, mbeba maji. Alikuwa anapandisha mitungi yake minne kutoka mtoni, gurudumu la nyuma likakunjika, akaanguka, mitungi ikamwangukia, mfupa wa bega ukavunjika. Siku ya tatu alikuja kibandani mkono umefungwa kwa kitambaa, na nyuma yake wazee watano. Alilitupa gurudumu chini akauliza, "Nani alikaza hii?"

Ulinyoosha spana ukanionyesha. "Huyu."

Neno moja tu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nina mke na mtoto, nikainamisha kichwa kama mwizi. Kubishana nawe tukiwa wawili lilikuwa jambo moja. Kukuumbua mbele ya wazee nisingeweza, na wewe ulijua kwamba nisingeweza. Tangu siku ile kila aliyeleta baiskeli alisema, "Akaze Dhego, si mtoto wake." Umekufa, na bado wanasema mtoto wa Dhego anapasua rimu. Wengine wanapita mbele ya kibanda wakisukuma baiskeli mbovu, wanaenda kwa fundi mwingine, na wananisalimia kwa adabu.

Wiki iliyopita nililishusha lile gurudumu lililobaki msumarini, la yule mfugaji wa Kotile ambaye hajarudi. Ndilo la mwisho ulilolimaliza wewe, mimi sikuligusa. Nikaligonga kwa ukucha. Aabo! Spoku zote thelathini na sita zililia kama kijiko kwenye glasi. Paka wa jirani aliinua kichwa. Mtu mwenye masikio hawezi kuliacha gurudumu vile.

Nikakaa chini kwenye vumbi.

Masikio yanapochoka, sauti kali ndizo hutangulia kuondoka. Ulikuwa unaigonga spoku iliyokaza vizuri, husikii mlio, unadhani imelegea, unakaza. Bado husikii, unakaza tena. Kwa muda gani? Nikaanza kuhesabu mambo. Redio uliyosema imeharibika, na nilipoijaribu ikaimba vizuri. Na siku mke wangu alipojifungua, nilipokuja mbio nikasimama mgongoni kwako nikasema, "Aabo, tumepata binti," na wewe ukaendelea kuzungusha gurudumu. Hukugeuka. Nilidhani ulitaka mvulana. Jioni ulikuja nyumbani na kondoo, unacheka, na mimi nikakataa kukutazama usoni. Nilikuchukia mwaka mzima kwa jambo ambalo hukulisikia.

Nikasema moyoni, ni kiburi chako tu. Kwetu mtu hupewa jina la kilema chake na jina linabaki: anayechechemea ni Langare mpaka kwa wajukuu. Uliogopa kuitwa Dhegoole, Kiziwi, wewe uliyekuwa Dhego. Ukaona afadhali mwanao aitwe mjinga.

Adeer Gedi alipita alasiri ile ile kutaka upepo. Sijui nguvu niliitoa wapi. Nilimwambia mbele ya watu wote waliokuwa pale kwamba rimu ile haikupasuliwa na mimi, kwamba baba yangu alikuwa hasikii. Nikangoja anikemee kwa kumsema marehemu.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa leo ni Jumatano.

"Warya, sisi yote ilijua," alisema. "Soko yote. Wewe beke yako ndiyo hakujua."

"Na mkaniacha nibebe lawama?"

"Baba yako ilituabisha sisi kiabo, wallahi. Ilisema mtu asiambie kijana. Mimi nikauliza, kwa nini? Ikasema, 'Akijua mimi habana sikia, itanionea huruma. Haitabishana na mimi tena.'"

Nilimjazia upepo, akaenda. Soko zima lilikutunzia siri, hata jina hawakukubadilishia, na mimi ndiye niliyelipishwa! Bega la mtu lilivunjika, aabo. Jina langu likaenda nalo. Yote hayo kwa sababu ulitaka mtu wa kugombana naye mchana? Ulinionaje? Ulidhani ningekuketisha kwenye kiti kivulini, nikunyweshe chai, nikuitikie ndiyo aabo, ndiyo aabo? Mimi? Ningesimama mbele ya uso wako uone midomo yangu. Ningekushika kidole nikakibandika kwenye spoku mpaka uhisi kwa ngozi inavyotetemeka. Ningekupigia kelele mpaka wauza mbuzi waje kutuamua.

Basi chukua ubishi wako. Rimu ya Adeer Gedi uliipasua wewe. Ya yule mwalimu wa Kitui, iliyorudi na nyufa, wewe. Hili la Kotile nimelilegeza spoku zote na kuliangalia kwa tochi, na lina nyufa kwenye matundu manne, wewe tena. Mimi nilikuwa sahihi. Kila siku tuliyogombana, nilikuwa sahihi na wewe ulikuwa umekosea.

Haya, nijibu.

Mwenyezi Mungu akurehemu, nami niko njiani kujaribu kukusamehe.

Mwanao wa kwanza