Macho Yako Siku ya Harusi ya Zuhura

Mama,

Shikamoo. Hapa Rutamba mikorosho imetoa maua na mimi sijaenda shamba hata mara moja. Kikohozi nilichokuuguza nacho kimenipata na mimi. Kila asubuhi nameza vidonge vilevile vya kifua kikuu ulivyokuwa ukimeza wewe. Hamu ya kula sina, kichefuchefu kutwa. Unayajua.

Shangazi Somoe amehamia chumbani kwangu. Anatwanga binzari ya manjano, anaikoroga kwenye uji, kisha anasimama mlangoni mpaka nimalize. "Inasukuma nyongo hiyo, inasafisha ini. Hata mama yako nilimnywesha." Alikunywesha, kweli. Mtu anakupenda mpaka unakosa pa kupumulia.

Nakumbuka wiki ya harusi ya mdogo wangu Zuhura. Shangazi alikusinga binzari, akakusugua mwili mzima pamoja na bibi harusi, ili mama mtu asionekane mgonjwa. Uling'aa, ukasema, "Leo hata baba yenu angefufuka aje kuniposa tena." Tukacheka sana. Halafu nikaona macho yako, weupe wote umegeuka njano. Shangazi akasema ni binzari imepanda. Nikakubali upesi, maana wageni wa bwana harusi kutoka Kiranjeranje walishafika na sikutaka harusi iahirishwe.

Binzari ya kusinga haipandi machoni. Nilijua, mama. Moyoni nilijua.

Harusi ilipokwisha tulikufikisha hospitali Lindi, hutambui mtu. Daktari aliniambia dawa za kifua huumiza ini la baadhi ya watu, na tungekuja mapema wangezisimamisha, wakupangie nyingine. Nikamuuliza kuhusu binzari. Akasema ni kweli huchochea nyongo, lakini hailindi ini linaloumizwa na dawa, na wapo ambao yenyewe huwadhuru. Sikumwambia shangazi. Msibani watu walinisifu kwa kukuuguza, nikala ubwabwa wa hitima.

Leo nimejitazama kwenye kioo. Macho yangu yamekuwa kama yako.

Nimekaa kitandani tangu alfajiri. Nikiacha vidonge kwa akili yangu, kikohozi kitanimaliza. Nikiendelea kimya kimya, nakufuata. Na nikisema, itabidi shangazi ajue tulichokufanyia, mimi na yeye. Sioni pa kutokea, mama.

Ameingia na kikombe chake. Amenishika kidevu, akanitazama. "Binzari hiyo, mwanangu. Itashuka."

Nimemwambia. "Si binzari, shangazi. Na kwa mama haikuwa binzari."

Amekaa sakafuni. Namalizia barua hii yeye akiwa hapo miguuni pangu. Ameniuliza jambo moja tu: "Siku ile tungempeleka, angepona?" Sasa ameinuka, anatafuta kanga ya kutokea, anasema haniachi niende hospitali peke yangu.

Pumzika, mama yangu. Unisamehe ukiweza. Nakuahidi leo daktari atayaona macho haya, na swali la shangazi nitamjibu njiani, bila kumdanganya.

Mwanao,
Mwanahawa