Ni kwa Usalama Wako

Chumbani kwangu, nyuma ya karakana ya viti,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi kimekuacha, au bado mnalala pamoja? Sisi huku wazima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia.

Kwamba kitindamimba wetu amemkimbia mumewe, ulishasikia. Usilosikia ni kwamba polisi walimpeleka kwenye nyumba ya serikali ya wanawake wanaopigwa. Huko walimshona jeraha la mdomo, wakampa kitanda na wakili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini mimi fundi cherehani, nguo ikinipendeza sana huigeuza nione mshono wa ndani. Nilipokwenda kumwona, nilikuta simu yake imefungiwa kabatini na geti lina kufuli. Akitaka kwenda saluni kwake kusuka, amwombe ruhusa afisa wa ustawi, mama mmoja mpole kupita kiasi. Wanawake wale wanaitwa "wageni." Shangazi, mgeni gani anaomba ruhusa ya kutoka?

Nikamuuliza yule afisa. Akanishika bega: "Dada yangu, ni kwa usalama wake."

Mdogo wangu akacheka, kicheko kibaya. Ndiyo maneno aliyoambiwa na mumewe kila asubuhi akifungiwa mlango kwa nje. Nilitaka kugomba nikashindwa, maana mtaa wa pili nilikuwa nimeiona pikipiki ya yule mumewe. Sikujua nimwogope nani zaidi.

Juzi akasema basi, akatia sahihi ya kuondoka, akatoka. Hapo nilikuwa nimeshamwandalia chumba cha ndani na kitasa kipya. Nikampangia kila kitu: saluni asahau kwanza, sokoni nitampeleka mimi. Alipofungua mdomo kubisha nikamkata: "Tulia, ni kwa usalama wako."

Neno lilinitoka lenyewe, Shangazi. Nimelionea aibu mpaka leo. Akaninyooshea kiganja. Nikampa ufunguo.

Mumewe akikupigia kuuliza aliko, wewe hujui. Na kama ulishamwambia mtu, hata kwa wema, niambie ukweli.

Nisalimie binamu zangu mapacha na yule jirani yako mgomvi. Mungu akulinde, ila mlango akuachie wazi.

Asubuhi hii mdogo wangu ametoka. Hakusema anakwenda wapi, nami nimejikaza sikumuuliza. Ninaandika huku sikio liko mlangoni.

Wako akupendaye,
Mwanao wa cherehani