Kegi Nyuma ya Ukuta wa Mama

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Shemeji je, mgongo umempa nafuu? Na wale wapwa wangu, bado kuamka asubuhi ni vita? Sisi huku tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu moyo wangu tangu jana haujatulia. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia tu.

Unajua Kaka Spana, tangu kiwanda cha pampu kifungwe, ameingia kwenye kutengeneza bia. Anaichachushia kwenye kegi, lile pipa la chuma, ndani ya stoo iliyopakana na chumba cha Mama. Hamira ikifanya kazi inatoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea, pipa linageuka bomu. Kwa hiyo juu amefunga vali yenye skrubu ya kurekebishia. Presha ikizidi, vali inapumua yenyewe, psii, kisha inanyamaza. Bia yenyewe tamu, sikufichi.

Jana mchana nilikuwa nafua. Kaka akaingia stoo, akatoka rangi imemtoka.

"Mtoe Mama. Sasa hivi!"

"Kwani kuna nini?"

"Mtoe, nimekwambia!"

Nikachungulia. Mshale wa geji, kile kipimo cha presha, ulikuwa umepita alama nyekundu na kugota mwisho.

Mama naye akagoma. Kwanza anataka kitambaa chake cha kichwa, halafu viatu, si hivyo, vile vingine. Nikambeba mgongoni huku ananitwanga mabegani na kuniita mwizi. Nikamkalisha kwa jirani yetu mshonaji, nikarudi mbio. Najua, usinigombeze.

Kaka alikuwa amelizungushia pipa magunia mabichi na kulimwagia maji ya barafu, kwani baridi hupunguza presha. Alipolegeza vali, kimya. Povu lilikuwa limepanda na kugandia ndani. Basi akajikinga kifua kwa godoro, akachukua bisibisi nyembamba aibonyeze pini ya tundu la pili, lile la kuingizia gesi.

"Si uifungue yote iishe?" nikamuuliza kutoka mlangoni.

"Povu litakuja lote kwa pamoja, lizibe na hapa. Nyamaza, mdogo wangu."

Akabonyeza kidogo, akaachia. Akabonyeza tena, akaachia. Kila pipa lilipofyatua pumzi, nilijibanza nyuma ya mlango. Povu likamrukia usoni, akafumba macho, lakini mkono haukubanduka. Hatimaye mshale ukatikisika, ukaanza kushuka. Kaka akaketi sakafuni, godoro bado amelikumbatia.

Ndipo akaniambia kwamba alipoilegeza vali, skrubu aliikuta imebanwa mpaka mwisho. Yeye hakuibana, wala mimi. Koleo lake la kukazia skrubu tulilikuta chini ya mto wa Mama.

Nilipomrudisha, nikamuuliza taratibu. Akanijibu bila wasiwasi, "Kulikuwa na mtu anapiga mbinja ukutani. Nimemnyamazisha."

Jioni nikamuuliza tena. Akaapa hajawahi kuingia stoo maisha yake. Hakuwa anadanganya, Dada. Nilimtazama machoni.

Bia yote Kaka ameimwaga, na stoo ameitia kufuli. Lakini kuna jiko, kuna kisima, kuna barabara. Mimi kazini narudi kesho, na Kaka hawezi kumlinda peke yake.

Leo asubuhi alimpelekea chai. Mama akaipokea kwa adabu zote, akamwambia, "Ahsante, fundi. Wanao hawajambo?" Kaka hajaoa, wewe unajua. Akamjibu, "Hawajambo, Mama," akatoka nje.

Njoo, Dada. Njoo upesi, wakati bado anakutaja kwa jina.

Msalimie shemeji na wapwa wangu wote. Kaka anakusalimu, na mshonaji pia. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Kitinda mimba