Nimemchora marehemu mtani wangu, mwanawe anataka niichane picha

Mpendwa mshauri Bi Sikudhani,

Naomba msaada wako, ila nakuambia mapema kwamba kuna jambo moja sitalifanya hata ukinishauri, nalo ni kuichana picha, kwa hiyo ushauri wako uanzie hapo.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, Mmatumbi, naishi kwa wazazi wangu Mtawanya, nimemaliza kidato cha nne na tangu Februari nasoma Kibiti mjini kozi ya kuchora picha za vitabu, darasa dogo la jioni linalofundishwa na Mwalimu Twalha, ambaye zamani alichora picha za vitabu vya shule. Mimi ni mtu wa mpangilio, naandika shajara yenye tarehe tangu nikiwa kidato cha pili, nguo zangu nakunja kwa kuzipima, na nilidhani mpangilio huo ndio utakaonifanya mchoraji, kumbe ndio uliokuwa unanikwamisha.

Zoezi la kwanza lilikuwa kikombe cha chai, nikakipima kwa rula kimo na upana, nikakichora kimenyooka kila upande, Mwalimu akakitazama akasema kikombe hiki hakijawahi kunywewa chai, kisha akaichukua rula yangu akaifungia kabatini na mpaka leo imo humo. Zoezi la pili tulichora mkono wetu wa kushoto, nikafuta na kufuta hadi karatasi ikatoboka penye kidole gumba. La tatu tulipelekwa stendi kuchora abiria kabla hawajapanda basi, na kwa kuwa mimi huanza chini kwenda juu, kila mtu wangu aliondoka nikiwa nimefika magotini, wenzangu wakaniita Mama Miguu. La nne lilikuwa picha tatu zinazosimulia kisa bila maneno, nikamchora mama yangu akianua mpunga mvua inapokuja, darasa zima likakubaliana kwamba ni mama anayemfukuza mwizi. Siku hiyo, tarehe 9 Mei, Mwalimu aliniambia neno ambalo nililiandika kama lilivyo: "Nasma, kuchora unajua. Lakini unachora kama mtu anayebisha hodi halafu anakimbia."

Wiki iliyofuata akafariki Mzee Salumu, fundi cherehani wa hapo Kibiti. Alikuwa Mndengereko, mtani wetu, na mtani haswa, si wa jina tu, kwa sababu kila aliponiona aliniuliza kama Wamatumbi tumeshajifunza kuvaa viatu, nami nilimuuliza kama sare yangu ya darasa la tano imekamilika au niendelee kusubiri. Mteja yeyote aliyempigia simu kuulizia nguo alijibiwa "nipo Bungu, nakaribia," kama mtu aliye njiani akitokea Dar es Salaam, ilhali mzee yuko nyuma ya nyumba yake anakunywa kahawa, mpaka watu wakamwita Nipo Bungu na yeye akaitika.

Siku ya msiba maziko yalikuwa baada ya adhuhuri, yakasogezwa hadi alasiri kumngoja mwanawe mkubwa, Ridhiwani, anayefanya kazi Dar es Salaam, na kila akipigiwa simu naye alisema yupo Bungu. Mimi nilikuwa upande wa wanawake na kazi ya mtani msibani unaijua, basi nikajitanda shuka, nikaweka simu sikioni nikasema kwa sauti ya marehemu kwamba wasianze kuchimba, nipo Bungu, nakaribia. Wanawake walicheka hadi mjane mwenyewe, Bi Mwanaharusi, akajifuta macho kwa khanga. Ikabidi wazike. Ridhiwani aliingia magharibi, kaburi limeshafukiwa.

Ndipo Mwalimu akatoa zoezi la mwisho: mchore mtu unayemfahamu, hadi asiyemfahamu aone kama anamjua. Nikachora jeneza limebebwa mabegani, na juu yake Mzee Salumu ameketi, tepu ya kupimia shingoni, simu mkononi ameiweka sikioni, wabebaji wote wamegeuza vichwa wanamsikiliza, na chini nikaandika maneno yake. Nilichora kwa wino moja kwa moja, bila penseli, bila kufuta, nikaanzia usoni. Mwalimu alipoiona alicheka, akasema, "Leo umeingia ndani na kiti umejivutia mwenyewe." Akaamua kwamba siku ya kufunga kozi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, picha hiyo itundikwe karibu na mlango ili wageni waanze nayo.

Kwanza niliipeleka kwa Bi Mwanaharusi, ambaye bado yuko edani. Alicheka, akanyamaza, akacheka tena, akaniambia nimekosea shingo, kwa sababu mume wake hakuwahi kushika simu kwa mkono, mikono ilikuwa na kitambaa, simu aliibana kwa bega na kichwa kikalala kushoto, na hata siku za mapumziko alitembea hivyo. Nikafurahi, nikaipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa letu, na kutoka hapo sijui nani alimtumia nani, ila siku ya pili ilikuwa imefika Ikwiriri, na siku ya tatu ilikuwa kwenye simu za watu wa kazini kwake Ridhiwani, wameongeza maneno yao na vikatuni vya kucheka.

Tarehe 3 Juni Ridhiwani alikuja nyumbani kwetu. Hakukaa. Aliniambia mbele ya baba, "Baba yangu si katuni. Ichane, uje uombe radhi mbele ya ukoo, au nakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji." Nami nikamjibu kwamba baba yake alikuwa mtani wangu kabla yeye hajasahau njia ya kurudi kwao. Alinitazama, akaondoka bila kuaga.

Baba yangu, Mzee Seleman, ni mtu asiyependa kesi, aliniambia kwa upole, "Chana, mwanangu, tulale." Nikamwambia mtani hakasirikiwi. Akasema hayo ni ya zamani, kijana amekulia mjini, hajui. Rafiki yangu Muzdalifa anasema nibadilishe uso, nimchore mzee yeyote, lakini nikibadilisha hata unywele mmoja Ridhiwani atasema ameshinda, hata ile shingo nimeiacha kama ilivyo. Mwalimu anasema picha ni yangu, yeye hataamua. Mazoezi manne nimechora kwa kuogopa na hakuna aliyenikataza, moja tu nimechora bila kuogopa ndilo wanalotaka nilichane. Sichani. Nifanyeje niitundike bila kumvunjia baba heshima, na huyu kaka anyamaze?

Nasma, Mtawanya

*

Nasma mwanangu,

Barua yako imefika na mlango umeshaufunga kwa ndani, kisha unaniuliza niingie vipi. Bahati yako nakubaliana nawe. Usiichane.

Nimeanza na hilo ili usome yanayofuata ukiwa umetulia, maana sasa nakusema.

Kumchora Mzee Salumu hukukosea. Yale uliyofanya kwa mdomo msibani umeyafanya tena kwa wino, na anayekasirika na mtani msibani, huyo ndiye anayegeuka kichekesho. Bibi zetu walilala kaburini kabla ya maiti wakidai nafasi ni yao, na hakuna aliyekwenda kwa mwenyekiti. Kama Ridhiwani anataka kwenda, aende. Mwenyekiti naye ana watani wake, atakuwa na jibu.

Ila utani una mipaka yake na wewe umeivuka ukiwa umekaa kitandani na simu. Mtani anakutania yupo mbele yako, unamwona kwa macho, ukitaka unamrudishia papo hapo. Kundi la WhatsApp si mtani wa mtu. Wale watu wa kazini kwake, wa makabila mbalimbali ambayo hayana utani na Wandengereko, nani aliwapa ruhusa ya kumcheka Mzee Salumu? Wewe. Uliichukua haki yako, ukaigawa bure kwa watu wasiokuwa nayo. Hapo kijana ana madai ya kweli na ungekuwa wangu ningekufinya.

Kosa la pili ni kubwa zaidi na wewe unalijua, ndiyo maana umelipitisha haraka kwenye barua. Siku ile ya msiba, nani aliyekuwa anasema "nipo Bungu"? Maneno yalikuwa ya baba, lakini baba alikuwa ameshanyamaza. Aliyekuwa akiyasema kwenye simu alikuwa mwana, na baba yake akazikwa yeye hayupo. Umechora mtu mmoja kwenye jeneza, Ridhiwani akaona wawili. Anakwambia baba yangu si katuni kwa sababu hawezi kukwambia mimi si katuni. Yule hajaudhika na uchoraji wako, binti. Anaona haya, na haya za mwanamume aliyekosa kumzika baba yake hazina pa kuwekwa. Nawe alipokuja, badala ya kuliona hilo, wewe unayejitapa kwamba sasa unajua kuanzia usoni, ukamwambia amesahau njia ya kwao. Huo haukuwa utani. Utani unapiga begani. Wewe ulipiga penye kidonda.

Sasa sikiliza utakavyofanya.

Leo hii andika kwenye kundi la darasa lenu kwamba picha ile isitumwe tena, na uifute yako. Hutaweza kuirudisha iliyokwisha kwenda, lakini ijulikane mwenye picha amesema nini.

Kisha mtafute shangazi yako, dada wa baba, mwende pamoja kwa Bi Mwanaharusi siku ambayo Ridhiwani atakuwapo. Baba yako umwache nyumbani, ataomba radhi hata kwa mvua kunyesha. Ukifika, omba radhi kwa mambo mawili tu: kuitawanya picha kwa wasio watani, na yale maneno ya njia. Kwa kuchora usiombe. Akikutaka uombe, mwambie kwa adabu kwamba hilo si deni lako, kisha unyamaze, shangazi atajua la kusema. Wala usimwambie kwamba umeelewa kwa nini ameumia. Hayo ni yake. Ukiyasema mbele ya watu utakuwa umemchora mara ya pili.

Tatu, ile shingo. Nasma, umenishangaza. Mwenye msiba, aliyelala na mtu yule maisha yake yote, amekupa sahihisho ambalo mwalimu yeyote asingeweza kukupa, nawe umelikalia kwa sababu ya ugomvi na mwanawe? Muzdalifa anakwambia ubadilishe uso ili mzee asijulikane, huo ni woga, ukatae. Mjane anakwambia urekebishe shingo ili mzee ajulikane zaidi. Hayo hayafanani hata kidogo. Kaa chini uichore upya, simu ibanwe begani, kichwa kilale kushoto, mikono yote miwili iwe na kitambaa. Hata mimi nisiyemjua nimeshaanza kumwona.

Hiyo mpya mpelekee Bi Mwanaharusi kabla ya Jumamosi, na neno lake liwe la mwisho. Neno la mwisho si la Ridhiwani, si la Mwalimu Twalha, na wewe pia si lako. Akisema itundikwe, inatundikwa karibu na mlango kama ilivyopangwa, na Ridhiwani akilalamika atamlalamikia mama yake. Akisema hapana, unaikunja vizuri, unamwachia, na Jumamosi unaacha ukuta mtupu wenye jina lako. Lakini mwanamke aliyecheka, akanyamaza, akacheka tena, sidhani kama atasema hapana.

Baba yako mwambie hivi: mtu anayechana kitu ili alale, kesho anaamshwa achane kingine. Umwambie ukiwa umempelekea chai, usimwambie ukiwa umesimama mlangoni.

Mwisho, mkaribishe Ridhiwani siku hiyo ya kufunga kozi, mkaribishe wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Naye ni mtani wako, ila alilelewa mbali na haki hiyo hakuna aliyemkabidhi. Mpe nafasi asimame mbele ya wageni aseme lolote alitakalo juu ya Wamatumbi, juu ya viatu vyenu, juu yako na ile miguu ya stendi, na akisema ucheke, hata kama neno lenyewe ni zito. Mtu akipata pa kujibu, hatafuti mwenyekiti.

Na ujue unachokifungua. Watoto wa Mzee Salumu wana kalamu na wana simu, na hakuna Mmatumbi atakayekutetea. Siku yako ikifika watakuchora wanavyotaka wao, na utakuwa umelala kimya huwezi kusema shingo imekosewa.