Aliyeitika Jina la Shawishi

Makina, Kibra

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na kile kikohozi cha Baba, kimemwachia? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, na nakuandikia nikiwa nimekaa barazani kwangu. Kwangu, Mama! Hatuhami!

Najua umekuwa ukiniombea tangu baba mkwe afariki. Hili jina la Shawishi, cheo cha sajini, babu yake mume wangu Juma ndiye aliyelipata kwa bunduki, alipokuja na jeshi kutoka Sudani. Baba mkwe akalirithi bila kuvaa hata bukta ya kiaskari, na watu wakamwita Shawishi mpaka anaingia kaburini. Anayelishika jina ndiye anayekaa nyumba hii kubwa na kuwaamulia watu ugomvi wao. Basi wazee wakagawanyika. Wengine walimtaka Juma wangu, mwana wa kwanza, fundi cherehani. Wengine wakasema hapana, apewe mdogo wake, Faraji, aliyerudi kutoka vita vya Bama na cheo cha koplo. Faraji nampenda, wallahi, lakini mkewe alishakuja kupima madirisha yangu apate kushona mapazia! Nilimpa chai tu. Moyo uliniuma, Mama, maana wanangu wote nimewazalia humu.

Ikafika arobaini. Desturi ya hapa, shangazi mkubwa husimama mlangoni akaita cheo, na mwana atakayeitika kwanza ndiye mrithi. Watu walipokuwa wanamalizia kula, Shangazi Amina akasimama, akapaza sauti: "Shawishi!"

Lo! Faraji aliruka akasimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu, lakini kimya. Juma naye mdomo umemjaa mkate wa gurusa. Mimi niko huku kwa wanawake, natamani nimfikie nimfinye! Shangazi akaita tena. Faraji ameganda tu. Juma akameza, akapaliwa, kisha akatoa kisauti chembamba: "Hadhiri! Nipo!"

Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi. "Jeshi limemponza! Koplo haitiki anapoitwa shawishi!" Nami nikacheka kuliko wote, maana nilijisikia mwepesi, sijui hata nikueleze vipi.

Asubuhi Faraji akapita kuaga. Nikamtania, "Shemeji, kumbe jeshi bado halijakutoka?"

Hakucheka. Akasema, "Si jeshi, shemeji. Nilisikia Shawishi, nikasimama nimpishe Baba."

Mama, utani ulinikauka mdomoni. Nilimshika mkono tukalia sote wawili palepale mlangoni, mpaka Juma akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Nisalimie sana Baba, na bibi yangu Habuba aliyenilea, na dada yangu Mariamu pamoja na wanawe. Mwambie mjomba fundi kwamba kitanda alichonichongea hakitoki tena humu ndani.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Zainabu