Nepi ya Ndanu

Gatwekera, Kibera
Mei 14, 2024

Dada Mutheu,

Nakusalimu wewe, shemeji Gerishon, mtoto wako Nzuki na Mama. Kwetu tu wazima. Ndanu ana miezi mitano na sasa anajigeuza mwenyewe kitandani. Barua hii nimempa kaka yetu Mutiso akuletee, kwa kuwa simu yangu Geoffrey huishika jioni, na sitaki mume wangu ayasome haya.

Jumapili kanisani uliniudhi. Nilisema mtoto amejinyea, na kabla sijainuka ulimnyakua kifuani mwangu: "Leta huyo mimi nimbadilishe, wewe ukienda huko hurudi!" Benchi zima likacheka. Kwani wako hakutoshi?

Tulijifungua juma moja, Mutheu. Mwezi haujaisha, wewe ulikuwa ukicheza mbele ya kwaya kwa viatu virefu, ukipigiwa vigelegele, nami niliketi upande mmoja kama mtu aliyekalia yai. Una nyumba ya mawe. Una Mama wa kukukanda na kukupikia uji. Una mwili uliorudi mahali pake. Mimi nina Ndanu. Usimshike tena bila ruhusa yangu.

Mdogo wako,
Wanza


Kawangware
Mei 17, 2024

Mdogo wangu Wanza,

Salamu zimefika. Mama ana kikohozi, Nzuki anaota jino, wengine hatujambo.

Umenitukana kwa Kiswahili safi. Marehemu Baba angekupa maksi zote. Sasa nisikilize. Unajua ninavyolishwa sifa zako humu ndani? Nikimlaza Nzuki ili nipike, Mama husema, "Wanza hamwachi mtoto wake hata kidogo." Nikimpa Gerishon ambebe, "Wanza hangefanya hivyo." Ndiyo, nilimnyakua kwa wivu. Nilitaka benchi lile lione kwamba hata mimi ni mama.

Lakini nilipomfungua Ndanu kule nyuma, nepi ilikuwa kavu. Nikamfunga tena, nikarudi naye. Harufu ilikuwa imebaki pale ulipoketi. Nikakumbuka Pasaka. Nikakumbuka matanga ya shangazi Kasyoka. Kila mara unasema ni mtoto, na kila mara unatoka naye mbio.

Nepi ilikuwa kavu, Wanza. Nijibu.

Dada yako,
Mutheu


Kawangware
Juni 10, 2024

Wanza,

Hujambo? Ndanu hajambo? Mama anauliza mbona huonekani kanisani, nami nimemwambia una kazi nyingi za kushona. Sijamwambia mtu jambo lingine lolote. Andika hata neno moja.

Dada yako


Gatwekera
Juni 13, 2024

Dada Mutheu,

Sijambo. Ndanu anakua. Mama apone kikohozi.

Sasa umefurahi? Umeona kwamba mama wa sifa hana sifa?

Ndanu alikuwa mkubwa. Alitoka kwa nguvu, nami nikachanika. Mkunga wa kile kizahanati alinishona palepale kitandani huku akimulikiwa kwa simu, akasema nimechanika kidogo. Tangu siku hiyo siwezi kuzuia hewa. Tumbo likilegea, sifiki chooni, nawe wajua choo chetu kiko ng'ambo ya mtaro. Nimeacha kwenda Nyayo Highrise kuwapima wateja nguo. Geoffrey nikimkwepa usiku huniuliza, "Ni nani huyo mwingine?" Wivu umemjaa, nami naona heri aamini hilo kuliko kuujua ukweli.

Mama akinisifu kwamba simwachi mtoto, elewa hili. Ukimchukua Ndanu, nitamsingizia nani?

Mdogo wako,
Wanza


Kawangware
Juni 16, 2024

Mdogo wangu,

Pole. Sikufurahi. Nilisoma nikiwa jikoni nikaunguza maharagwe.

Usikasirike: nimemwuliza muuguzi Marion wa kliniki ya watoto, bila kutaja jina. Hakushangaa hata kidogo. Mimi pia nilichanika, ila ngozi tu, na nilishonwa nikapona. Anasema wengine huchanika hadi kwenye msuli unaofunga njia ya haja kubwa, nao hutakiwa kushonwa katika chumba cha upasuaji, kwa ganzi na mwanga wa kutosha. Mchaniko usipoonekana siku ile, bado unaweza kutibiwa. Twende hospitalini Alhamisi. Ndanu utambeba wewe.

Dada yako,
Mutheu


Gatwekera
Septemba 22, 2024

Dada Mutheu,

Natumaini nyote hamjambo, na jino la Nzuki limepata wenzake. Mimi tangu nifanyiwe upasuaji naendelea vizuri. Nakunywa ile dawa tamu ya kulainisha choo, nimemaliza vidonge vya kuzuia usaha, na siinui ndoo. Zoezi la kukaza msuli nitalianza tena daktari akiniruhusu.

Sikukushukuru pale wodini, na sababu ni hii. Daktari alipoonyesha picha ya msuli wangu, nilimwelewa kama fundi wa nguo. Ni kama mpira wa kiuno cha sketi uliokatika: walishona kitambaa juu, mpira wakauacha umekatika ndani. Sikuogopa kisu. Niliogopa kukuachia Ndanu. Na nilipotolewa nilikukuta umewapakata watoto wote wawili, wangu amelala fofofo shingoni mwako, na mtu akipita akasema, "Mama pacha, hongera!" Nawe hukumkosoa. Wivu ulinichoma kuliko mshono.

Geoffrey nimemwambia kila kitu. Alitoka kwenda kuchota maji, na tangu siku hiyo ndoo zote ni zake.

Wanza


Kawangware
Septemba 25, 2024

Mdogo wangu,

Sote hatujambo, na kikohozi cha Mama kimekwisha.

Sikumkosoa kwa sababu jina lile lilinipendeza. Nisamehe, au usinisamehe.

Dada yako,
Mutheu


Gatwekera
Novemba 29, 2024

Dada mpendwa,

Habari za huko? Sisi tu wazima. Daktari ameridhika. Nikicheka sana, hewa bado hunitoroka, na nikipata mimba nyingine tutazungumza juu ya kujifungua kwa upasuaji. Lakini chooni nafika, hata ng'ambo ya mtaro.

Jumapili tunakuja kanisani. Nitaketi benchi la mbele, mikono mitupu. Wewe mpokee Ndanu tangu mlangoni, umbebe hadi mwisho wa ibada, na mtu akikuita tena mama pacha, mwitikie. Nitakuonea wivu, nami nitavumilia.

Na akijinyea, mbadilishe. Safari hii atakuwa ni yeye.

Mdogo wako,
Wanza